Mbuzi wa Faini na Ruta ya Mlimani

Ijumaa mchana ofisi ya vifurushi mjini Nyeri haina adabu. Vifaranga wanalia ndani ya maboksi yenye matundu, mtu anadai vipuri vya pikipiki vilivyopotea tangu juzi, na mama mmoja amekalia gunia la nduma ambalo mama mwingine anaapa ni lake. Katikati ya fujo hiyo alisimama Wakiuru. Gambuti zake zilikuwa zimeganda matope mekundu, jaketi la mafundi lilimng'aa begani, na masikioni alikuwa na hereni za shanga ambazo hakuzivua hata akipanda mlingoti. Alikuwa na wasiwasi, na Wakiuru akiwa na wasiwasi huwa mkali, kwa hiyo karani alikuwa amekwisha kupata yake.

"Box yangu ni hiyo nyeupe, ndogo. Iko hapo chini ya kuku."

"Hiyo?" ilisema sauti nyuma yake. "Hiyo si ruta ya kuweka sitting room?"

Wakiuru aligeuka. Aliona kijana wa Kihindi, mrefu, shati la samawati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, viatu havijawahi kuonja tope. Alinukia iliki. Alikuwa mzuri wa sura, na hilo likamuudhi Wakiuru zaidi.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna mtu. Lakini unaenda kuiweka wapi?"

"Kwa mlingoti. Inaenda kubeba Mukurweini mzima."

Kijana alicheka, kisha akauona uso wa mwenzake, akaacha.

"Pole, sio madharau. Hizi ndogo zinaandikwa spidi kubwa kwa box, lakini akili ya ndani ni kidogo. Mchana itakudanganya. Jioni watu watoke shamba, kila mtu afungue video, utaisikia ikikohoa."

"Ati wewe ni daktari wa ruta?"

"Naitwa Tejas. Duka yetu iko hapo chini, ya baba, mzee Haridas." Aliazima kalamu ya karani, akaandika namba yake ubavuni mwa boksi la Wakiuru bila kuomba ruhusa. "Ikikohoa, nipigie."

"Hiyo simu uingoje ukiwa umekaa," alisema Wakiuru, akalikwapua boksi na kuondoka.

Ilikohoa jioni hiyo hiyo.

Tumwelewe Wakiuru. Alikuwa ameanza kuuza intaneti kwa majirani, dishi moja moja, kilima baada ya kilima, mpaka sehemu kubwa ya Mukurweini ikawa inamtegemea. Sasa kampuni kubwa ilikuwa inachimba mtaro kando ya lami, na kila mteja aliyeuona mtaro ule alianza kulalamika kwa sauti mpya. Tumaini lake lilikuwa chama cha ushirika cha maziwa, ambacho mizani yake ilikuwa ikitumia mtandao wake kwa majaribio. Mizani ya ushirika hupima maziwa asubuhi na mapema, kisha mkulima hupata kilo zake kwenye simu kabla hajafika nyumbani. Mwenyekiti, mzee Theuri, alikuwa achague kabla ya Julai kuisha nani atabeba mizani hiyo, kampuni kubwa au Wakiuru. Akikosa ushirika, wateja wengine wangefuata maziwa, naye angebaki na milingoti mitupu. Ruta, kile kisanduku kinachogawa njia kwa mtandao wote, ndiyo iliyokuwa roho ya mambo, na yake ilikuwa inakata roho kila jioni.

Basi akameza kiburi, akaipiga ile namba.

"Injinia wa gambuti," alisema Tejas.

"Umejuaje ni mimi?"

"Nani mwingine anapigia mtu simu akiwa tayari amekasirika?"

Wakiuru alitabasamu, akashukuru kwamba haonekani. "Imekohoa."

"Pole. Sikiza, kuna moja kubwa imetoka kwa benki Nairobi, second-hand. Hiyo ni ndovu. Hutawahi kuichosha."

"Inakula stima kiasi gani?"

"Kwani?"

"Mlingoti yangu inakula jua, Tejas. Na huku Julai hakuna jua, ni ukungu tu wiki baada ya wiki. Ndovu yako itanyonya betri yote kabla maziwa ifike kwa mizani."

"Hiyo sikuwa nimefikiria," alikiri. "Nipe mpaka kesho."

Ikawa kesho, na kesho kutwa, na simu zikawa ndefu. Mwanzo walizungumza ruta tu: hii ina feni, feni itavuta vumbi, ile ni bei rahisi lakini ina nafasi ya laini moja, na Wakiuru alitaka laini mbili, moja ya kutoka Nyeri na nyingine ya kutoka Karatina, ili moja ikikatika nyingine ishike. Kisha wakazungumzia chai, na mvua, na kwa nini Tejas hakuwahi kuondoka Nyeri kama binamu zake. Mwishowe Tejas aliipata. Ruta ya wastani, isiyo na feni, inayokula umeme kidogo kuliko balbu ya jikoni, yenye akili ya kutosha na nafasi ya laini zote mbili. Ilikuwa ikiuzwa Nairobi, kwa watu wengine kabisa.

"Mbona usiniuzie ya kwenu?" Wakiuru aliuliza.

"Ya kwetu haitoshi. Na mzee asisikie nimesema hivyo, nitalala kwa stoo."

Hapo ndipo Wakiuru alipompenda. Angeweza kuzungukazunguka, lakini ukweli ni huo: mwana wa duka alimwambia asinunue dukani kwao, naye moyo ukamlegea.

Tejas alikuja mwenyewe kuifunga. Aliteleza kilima kizima, shati likageuka rangi, na alipofika juu Wakiuru alikuwa amecheka mpaka mbavu zinamuuma. Waliiweka ruta mpya kando ya ile ya zamani ndani ya sanduku la chuma, nyaya zikipitia mpya kwenda ya zamani, ikisubiri siku ya kuhamishiwa laini. Kisha Tejas akamwonyesha jambo moja.

"Kabla uguse kitu ukiwa mbali, washa hii safe mode kwanza. Ukikosea ujifungie nje, ruta inasahau yote umefanya, inarudi vile ilikuwa. Usipowasha, ni kupanda mlima na miguu."

"Wewe ushawahi kusahau?"

"Mimi? Hata siku moja."

Alipoteremka, mama yake Wakiuru alimpa githeri ya mahindi na maharagwe, isiyo na nyama. Tejas alimwamkia, "Wi mwega, maitu?" kwa Kikuyu safi kuliko cha vijana wa pale sokoni. Mama alimtazama binti yake, akarudi jikoni akitabasamu. Tejas alimwita "Kiuru wangu" kwenye simu, alimtania, alimuuliza kama amekula. Ila alikuwa nani kwake, hilo hakulitamka, na Wakiuru alilisubiri mpaka likaanza kumkera.

Walikubaliana wahamishe laini pamoja, Jumapili asubuhi, watu wakiwa bado wamelala.

"Na Jumamosi usinipigie," Wakiuru alimwambia. "Niko na mambo ya familia."

Mambo yenyewe yalikuwa ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yake, Ngendo. Mchumba, Mutahi, alikuwa Marekani na karatasi zake za kusafiri zilikuwa zimekwama. Lakini alikuwa amekwisha kufuata taratibu. Kabla hajaondoka alileta mwati na harika, kondoo mchanga na mbuzi mchanga, majike ambayo hayajazaa, alama kwamba msichana huyu ana mwenyewe. Sasa wazee walikuwa wamebishana sana na hatimaye kukubali kwamba mwanamume anaweza kumtambua bibi yake kupitia skrini.

Ndiyo maana Jumamosi ile mchana wanawake sita walikaa kwenye mkeka wamefunikwa leso gubigubi, Ngendo na Wakiuru wakiwa miongoni mwao, ili mchumba amtambue wa kwake. Simu zao zilikuwa ndani ya kiondo cha shangazi, maana kuna bwana mmoja aliwahi kumpigia mchumba wake na simu ikalia chini ya leso. Mbele yao Mutahi alijaa kwenye skrini ya televisheni. Kwake kulikuwa bado giza, lakini amevaa suti na tai.

"Angalia vizuri," alisema mzee Theuri, ambaye siku hiyo aliongoza upande wa msichana. "Ukikosea, ni faini."

Wakati huo huo dukani Nyeri, mteja mmoja wa Mukurweini alikuwa ananunua waya.

"Leo sikai," alimwambia Tejas. "Kwa kina Wakiuru wa intaneti kuna ruracio. Watu ni wengi, ata gari haipiti."

Tejas alimrudishia chenji mara mbili. Jumamosi usinipigie. Mambo ya familia. Alijumlisha moja na moja akapata kumi na moja. Alitoka mlango wa nyuma akasimama kati ya makatoni, na moyo ulimuuma hasa, kwa sababu alijua kosa ni lake. Mtu asiyetaja anachokitaka hawezi kulaumu aliyekitaja kabla yake. Akasema, basi nimalize kazi yake leo, nimkabidhi, nisimwone tena. Akafungua kompyuta, akaingia kwenye ruta ya mlimani, akaanza kuhamisha laini. Safe mode hakuiwasha.

Kosa lilikuwa mstari mmoja. Alibonyeza, na ukurasa ukaganda. Alikuwa amejifungia nje, na pamoja naye Mukurweini mzima.

Alimpigia Wakiuru. Simu iliita ndani ya kiondo. Shangazi alikuwa amekikalia.

Kwenye skrini, Mutahi alikuwa ameinua kidole. "Ngendo ni huyo wa..." akasema, na hapo akaganda, mdomo wazi. Watu walingoja. Kidole hakikushuka. Mtu mmoja wa upande wa mwanamume alikohoa.

"Amesahau bibi yake?" aliuliza mzee mmoja.

"Sio yeye. Ni network," alisema kijana karibu na televisheni. "Imeenda yote. Ata kwa simu yangu."

Chini ya leso, Wakiuru alisikia kila neno. Wateja wake wote walikuwa pale. Theuri mwenyewe alikuwa pale, amesimama hatua chache kutoka alipokaa. Alijiambia atulie. Akatulia kidogo. Kisha leso moja ikasimama, ikatupwa chini, na Wakiuru akatoka mbio katika gauni la kitenge na shanga za kichwani, akimpokonya shangazi kiondo njiani. Nyuma yake umati ukaguna. Leso haisimami kabla ya kuitwa.

Bodaboda ilimfikisha nusu ya kilima, nusu nyingine akapanda kwa miguu. Alipofungua sanduku la chuma aliona taa za ruta mpya zikiwaka namna ambayo yeye hakuiagiza. Kwenye simu, jina la Tejas lilikuwa limejaa ukurasa. Akampigia.

"Umefanya nini?"

"Nimesahau safe mode. Nimefunga kila mtu." Alikuwa anaendesha gari, sauti inakatika. "Nimefika Gakindu, naja. Kiuru, nisamehe. Nimeharibu ruracio yako."

"Ruracio yangu?"

"Nimesikia kwa kaunta. Hukuniambia."

Wakiuru alikaa kwenye jiwe. Alichomoa waya kutoka ruta mpya, akaurudisha kwenye ya zamani, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini.

"Ni ya Ngendo. Mimi ni wa kufunikwa tu. Sikukuambia kwa sababu ningekualika kama nani, Tejas? Fundi? Mtu wa duka? Hujawahi kusema wewe ni nani."

Alifunga sanduku la chuma, akaendelea.

"Na hata hiyo nisingejali sana. Lakini umesikia story kwa kaunta, na badala ya kuniuliza ukaingia kwa mashine yangu. Theuri alikuwa hapo. Maziwa yangu ilikuwa hapo. Rudi Nyeri."

Alibadilisha neno la siri la ruta kabla ya kushuka. Pale Gakindu gari moja liligeuka polepole kando ya vibanda vya ndizi.

Kwenye ruracio, Mutahi alikuwa amerudi kwenye skrini. Zilibaki leso tano, na alimjua Ngendo mara moja kwa jinsi anavyokunja vidole vya miguu. Watu walicheka, vigelegele vikapigwa, sherehe ikapona. Lakini Theuri hakusahau.

"Wakiuru, umeharibu hesabu ya leso. Faini ni mbuzi. Nitakuja kuichukua Jumamosi ijayo." Kisha akainama, asisikiwe na wengine. "Na ile story ya mizani, kamati itaangalia hii wiki. Jibu nitakuja nayo siku hiyo hiyo."

Jumapili asubuhi Wakiuru alihamisha laini peke yake. Aliwasha safe mode, akaangalia mara tatu kama imewaka kweli, na bado jasho lilimtoka kwenye baridi. Laini zilihama salama. Hapo ukungu ukaingia.

Ulikuwa ukungu wa Julai wenyewe, ule unaoingia mpaka jikoni. Jua halikuonekana Jumatatu, wala Jumanne. Kila asubuhi Wakiuru aliamka na kutazama betri kabla ya kutazama chochote kingine, na kila asubuhi zilikuwa zimeshuka kidogo. Kama angenunua ile ndovu ya benki, giza lingekuwa limeingia zamani. Hii ndogo isiyo na feni ilikuwa inanywa kwa kijiko. Je, ingefika Jumamosi? Mjini Nyeri, Tejas naye alikuwa akitoka dukani kila mara kutazama mawingu, mpaka mzee Haridas akamuuliza kama amepanda maharagwe mahali.

Alhamisi, wakati wa maziwa, laini ya Karatina ilikatika. Wakiuru aliona tahadhari kwenye simu. Akafungua ukurasa wa mizani. Kilo zilikuwa zinaingia: Karindi, mlimani, mtoni, kituo baada ya kituo. Ruta ilikuwa imehamia laini ya Nyeri yenyewe, na hakuna mkulima hata mmoja aliyejua. Alitaka kumwambia mtu. Alifikiria watu wote anaowajua, na ni mmoja tu ambaye angeelewa.

"Karatina imekatika," alisema, bila salamu.

"Na?"

"Hakuna mtu amejua."

Tejas aliondoka kaunta, akaenda mlango wa nyuma.

"Kiuru."

"Bado nimekasirika."

"Najua. Hiyo faini ni yangu. Nitaleta mbuzi."

"Umejuaje kuna faini?"

"Kwa kaunta."

"Hiyo kaunta yenu itakuua siku moja. Mimi ndio nilisimama, faini ni yangu."

"Ulisimama kwa sababu yangu."

"Wewe hata nyama hukuli, Tejas."

"Kwani ni mimi nitaikula?"

Wakiuru alikata simu haraka kabla hajacheka.

Jumamosi mapema Tejas alikuwa Nanyuki, sokoni, mbele ya mfanyabiashara wa mifugo aitwaye Yonis.

"Nataka mbuzi ambayo hawatachinja haraka," alisema. "Nikiwa hapo, sitaki kuona kisu."

Yonis alimtazama kutoka kola mpaka viatu, akamhurumia. "Chukua hii jike, changa. Haijazaa. Mtu hachinji jike kama hii, anangoja watoto."

Kwa mama yake Wakiuru, wazee watatu walikuwa wamekaa na vikombe vya chai. Theuri alikunywa chake chote, akaomba kingine, akauliza habari za kahawa, na Wakiuru akamjibu harakaharaka.

"Kamati ilikaa," mzee alisema hatimaye. "Wiki nzima hakuna jua. Tulikuwa tunangoja mizani ikatike, wengine wetu tulikuwa tunaombea ikatike, nikwambie ukweli. Haikukatika. Vituo vyote ni vyako."

Wakiuru alisema asante mara mbili. Mama yake alimshika mkono.

"Sasa mbuzi yangu," alisema Theuri.

Pikapu ilikuwa inaingia langoni. Tejas alishuka katika lile shati la samawati na gambuti mpya ambazo bado zilikuwa na kibandiko cha bei, akivuta kamba. Mbuzi mweupe mdogo akamfuata kwa adabu. Wazee walisimama mlangoni. Walimtazama mbuzi, wakatazamana. Mama alijifunika mdomo kwa kanga.

"Kijana," alisema Theuri, "mbuzi ya faini ni dume. Ni ya kuchinja. Hii ni harika, ya kuposea."

Tejas alikuwa amezaliwa Nyeri, alilisikia neno lile tangu utotoni, ila hakuwahi kulishika kamba. Uso ulimwiva.

"Unajua umeleta nini kwa hii boma?"

"Wakati nilikuwa nanunua, sikujua."

"Na sasa?"

Alimtazama Wakiuru aliyesimama nyuma ya wazee, hereni za shanga zikitikisika. "Sasa nimejua," alisema. "Na siirudishi. Umeniuliza mimi ni nani, Kiuru. Mimi ni huyu ameleta hii."

Theuri alisogea kando, ikabaki nafasi kati yao. Wakiuru alishuka ngazi pole pole.

"Mzee wako anajua?"

"Ndio amelipa pikapu. Anafikiria ni faini."

"Atasema nini?"

"Ataongea mpaka Diwali. Nitakaa hapo nimsikize mpaka amalize, halafu nirudi huku."

Wakiuru aliogopa. Alimwogopa mzee Haridas ambaye hajawahi kumwona, na shangazi zake ambao watapata la kusema mwaka mzima, na huyu mwanamume ambaye husahau safe mode akipenda. Lakini alinyoosha mkono akaichukua kamba. Mbuzi alimsogelea, akainusa gambuti yake.

"Harika haikai peke yake," alimwambia Tejas. "Rudi Nanyuki ulete mwati."